Golicha Dokata na Meza Zetu Zilizokataa Kusimama

Jumanne tarehe 30 Juni 1998, saa kumi na moja jioni, Mzee Golicha Dokata atarudisha nyundo, kamba na pimamaji la ofisi, kisha atastaafu baada ya kuitumikia Kliniki Tembezi ya Nyika, hapa Garissa, kwa miaka ishirini na tisa na karibu miezi minne. Kitambulisho chake kinasema ametimiza miaka hamsini na mitano. Yeye husema kitambulisho hicho kiliandikwa na karani mwenye haraka zake, lakini kwa kuwa umri huo unamruhusu kurudi nyumbani kwa mkewe, hana mpango wa kukata rufaa.

Aliajiriwa Jumatatu tarehe 3 Machi 1969 kama mbeba mizigo. Siku hizo kliniki yetu ilikuwa lori moja, hema moja na daktari mmoja. Kazi ya Golicha ilikuwa kushusha vitu kutoka kwenye lori na kuvipakia tena. Hakuna aliyemwagiza aangalie vinakaaje vikishashushwa. Hilo alijitwika mwenyewe, na tangu hapo hatujapumua.

Wasiotembea nasi wafahamu kwamba kliniki hii haina sakafu. Leo iko Eldas juu ya mawe, kesho kutwa iko Diff juu ya mchanga, na mvua ikinyesha iko kwenye udongo mweusi unaopasuka ukikauka. Meza iliyotulia Jumatatu inacheza Alhamisi. Kitanda cha kumchunguzia mama mjamzito kinainama upande wa kichwa, na hema linavuta kamba zake kama ngamia asiyetaka kufungwa. Katika hali hiyo utamwona Golicha amepiga magoti, shavu chini, jicho moja amelifumba, anaitazama miguu ya meza kana kwamba imemkosea adabu. Akina mama wamepanga foleni, wauguzi wako tayari, daktari amekwisha kuvaa glavu. Golicha anainua kichwa, mchanga umemjaa ndevuni, anasema neno moja:

"Bado."

Hilo ndilo neno tulilolisikia zaidi kwa miaka ishirini na tisa.

Kabla ya kununuliwa pimamaji alitumia chupa ya soda iliyojazwa maji ikabakishwa nafasi ya kiputo kimoja. Aliilaza juu ya meza, kiputo kikikimbilia pembeni naye hukimbilia gunia lake. Ndani ya gunia hilo mna kabari za mti wa mgunga, vipande vya tairi na mawe bapa aliyoyachagua mmoja mmoja. Mwaka 1983 dereva wetu, Bare, alitupa mawe mawili njiani ili kupunguza mzigo. Golicha alimnunia kutoka hapo hadi Wajir mjini. "Nchi hii yote imejaa mawe," Bare hulalamika hadi leo, "lakini Golicha anasafiri na yake!"

Mwaka 1988 ofisi kuu ilituletea viti vya plastiki, vizuri, vyeupe, vyepesi. Siku ya kwanza huko Diff, Daktari Abdilatif aliketi kwenye kiti chake kuanza kazi akiwa na kimo cha mtu mzima. Alipomhudumia mgonjwa wa nne, kidevu chake kilikuwa kimekaribia meza, kwa maana miguu ya kiti ilikuwa inazama polepole mchangani naye hajatambua. Jioni ile Golicha alikata tairi kuukuu, akafungia kila mguu kipande kipana kama kandambili. Viti vyetu vikawa vinavaa akala. Ofisi kuu iliandika kuuliza kwa nini mali ya shirika imechakazwa. Daktari aliwajibu kwamba wanakaribishwa kuja kukaa.

Mjini nako hakutulia. Mama Osob, mwenye hoteli iliyo karibu na soko, aligundua kwamba Golicha hawezi kunywa chai kwenye meza inayotikisika. Lazima kwanza ainame na kuisawazisha. Mama huyo si mjinga. Kila Ijumaa alikuwa akimkaribisha kwa heshima zote kwenye meza tofauti. Baada ya miezi miwili hoteli nzima ilikuwa imetulia, na Golicha alidhani anapendwa tu.

Wengi mnaikumbuka sherehe yetu ya miaka ishirini na tano, mwaka 1994. Kamati ya maandalizi ilitaka jukwaa liwekwe mahali ambapo picha zingependeza. Golicha akaonya kwamba hapo palikuwa na kichuguu kilichosawazishwa juu juu, na chini ni matundu matupu. Kamati ikamwambia ashughulikie mahema. Mwenyekiti wa bodi aliposimama kuhutubia, kona ya kushoto ilianza kushuka. Alipofika kwenye mafanikio yetu alikuwa ameinama kidogo. Alipofika kwenye changamoto alikuwa ameshika kipaza sauti kama mtu aliyeshika mlingoti. Ndipo Golicha alipotambaa chini ya jukwaa na jeki ya Land Rover, akaanza kulipandisha. Mwenyekiti aliinuka taratibu, akiendelea na hotuba, mpaka akawa wima kabisa. Watu walipiga makofi kwa nguvu. Mwenyekiti alishukuru, akaongeza dakika ishirini.

Sasa naomba radhi, maana kuna jambo moja si la kuchekesha, na bila hilo wasifu huu hautakuwa wa kweli.

Mwaka 1992, wakati wa ule ukame, tulipiga kambi Diff kwa wiki mbili. Watu walikuja kutoka pande zote, na wengine walivuka mpaka kwa miguu. Kila mtoto alipimwa uzito. Aliyepungua kiasi fulani aliandikwa kupewa maziwa na uji. Aliyefikia kiasi aliambiwa arudi baada ya mwezi, kwa sababu vyakula havikutosha. Mizani yetu ilikuwa ile ya kuwekwa juu ya meza, yenye mkono wa chuma na jiwe dogo la kusogeza. Aliyekuwa akiisoma mizani siku ya tatu ni mimi, Sahro. Nilikuwa na miezi miwili kazini, bado niko kwenye majaribio.

Golicha aliiweka meza sawa alfajiri, kwa "bado" zake nne au tano. Kabla hajaondoka alinionya: "Binti, mchanga huu ni laini. Kila baada ya watoto kumi, tazama kiputo." Nilitazama mara mbili. Kisha foleni ikawa ndefu, watoto wanalia, na mimi nikaacha kutazama.

Saa nne akapita na kikombe chake cha chai. Akakitua pembeni mwa mizani, akawa anaitazama ile chai. Ilikuwa imeelemea ukingo mmoja wa kikombe.

"Hii mizani inaongopa," akasema.

Daktari Abdilatif alikuwa amechoka. "Mzee Golicha, wewe ni fundi wa hema. Waache wauguzi wafanye kazi."

Golicha hakubishana. Alikwenda kwenye sanduku la jikoni, akarudi na pakiti ya sukari ya kilo mbili, haijafunguliwa, akaiweka kwenye mizani. Nilisogeza jiwe. Mkono ulitulia kwenye kilo mbili na gramu mia tatu na hamsini. Mguu mmoja wa meza ulikuwa umezama vidole viwili, na sijui tangu saa ngapi. Watoto niliowaambia wamefikia kiasi walikuwa thelathini na wanne, na mama zao walikuwa wameshaondoka.

Daktari aliitazama ile sukari. Kisha akasema, "Bare, washa gari."

Golicha aliisawazisha meza, akapima sukari tena ikasoma kilo mbili kamili, halafu akapanda juu ya gari ili aone mbali. Mimi nilikaa ndani, kitabu cha majina kifuani. Tuliwafuata akina mama kwenye njia za mbuzi na kwenye laga, mito iliyokauka, mmoja hapa, wawili pale. Mmoja wao, Fatumo, tulimkuta amekaa kwenye kivuli chembamba cha kichaka, binti yake mgongoni. Alikataa kuinuka. Alisema kwa Kisomali, bila kupandisha sauti:

"Asubuhi mmeniambia mtoto wangu ameshiba. Sasa amekonda kwa saa mbili?"

Golicha alishuka, akachuchumaa mbali kidogo kwa adabu, akamjibu kwa Kisomali chake cha kuungaunga ambacho sisi humcheka nacho kila siku. Siku ile hakuna aliyecheka. "Mtoto hana kosa, mama. Wewe huna kosa. Meza yangu ndiyo imelala. Nimeiamsha. Njoo uone mwenyewe."

Fatumo alikuja. Alitaka kwanza apimiwe sukari mbele ya macho yake, tukaipima. Kisha akamweka binti yake. Alikuwa chini ya kiasi, tena kwa mbali.

Hadi alasiri tulikuwa tumewarudisha thelathini na mmoja. Kumi na tisa kati yao waliandikwa kupewa maziwa. Kesho yake Golicha alikwenda kwa miguu hadi visima vya upande wa kusini, akarudi na akina mama wawili zaidi. Mmoja hatukumpata. Jina lake bado liko kwenye kitabu, na mimi bado ninalikumbuka.

Tuliporudi Garissa, mkurugenzi wa wakati huo alituita sote. Aliuliza swali moja: "Nani alikuwa kwenye mizani?"

Daktari alinitazama. Mimi nilitazama sakafu. Kabla sijafungua mdomo, Golicha alikuwa amesimama. "Meza ilizama, bwana mkubwa. Meza ni kazi yangu."

Alipewa barua ya onyo. Katika faili lake la miaka ishirini na tisa hiyo ndiyo barua ya pekee ya namna hiyo. Nje ya ofisi nilimfuata nikilia, nikamwambia nitarudi niseme ukweli. Alinizuia. "Ukifukuzwa leo, nani atatazama kiputo kesho? Wewe sasa hutasahau tena." Ni kweli. Tangu siku ile kliniki hii haimpimi mtoto yeyote kabla ya kupima pakiti ya sukari, asubuhi, na tena kila baada ya watoto kumi. Wauguzi wapya hunung'unika. Nawaacha wanung'unike, lakini wanapima.

Nilithibitishwa kazini, nikapandishwa cheo, na leo ndimi muuguzi mkuu. Kwa miaka sita nilikutana na Mzee Golicha karibu kila asubuhi na sikuwahi kulizungumza jambo hili mbele ya mtu. Yeye pia hakulitaja hata kwa utani, na mnajua jinsi anavyopenda utani.

Wiki jana nilikwenda kwa mkurugenzi wetu wa sasa, Bi Bishara Mahat, nikamweleza yote na kuweka maelezo yangu kwa maandishi. Bi Bishara alisoma, kisha akamwita Golicha na kumuuliza kama ni kweli. Golicha alikuna ndevu. "Hiyo barua imekaa hapo miaka sita, haijasumbua mtu," akasema. "Iache ilale." Bi Bishara hakuiacha. Aliitoa kwenye faili mbele yetu, akatia maelezo yangu mahali pake, na mimi nikapata onyo langu, la mdomo, nililostahili tangu zamani. Tulipotoka, Golicha alinilalamikia kwamba nimeandika kurasa tatu nzima kwa jambo la vidole viwili.

Nimeomba ruhusa yake kuyachapisha haya katika jarida letu. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alisema nifanye nitakavyo, mradi nisiandike kwamba yeye ni shujaa, kwa sababu mkewe atamcheka. Basi sijaandika.

Mzee Golicha anarudi Modogashe kwa mkewe, Mama Tiya, ambaye kwa miaka hii yote amemwona zaidi wakati wa likizo na sikukuu. Tumepata habari kwamba Mama Tiya amekwisha kumpangia kazi ya kuchunga ngamia watano wasiopenda kuamrishwa. Na kwa kuwa tunamjua mume wake, tunawaombea subira wote saba.

Kwa niaba ya madaktari, wauguzi, madereva na wapishi wa Kliniki Tembezi ya Nyika, tunakushukuru, Mzee Golicha, kwa kazi uliyoifanya ukiwa umepiga magoti ili wengine waweze kusimama. Nami nakuambia hapa, mbele ya wenzetu wote, neno nililoshindwa kulisema mwaka ule: asante, adeer, ami yangu. Mwenyezi Mungu akujalie afya na umri mrefu, akulinde wewe na Mama Tiya, na siku zako za mapumziko ziwe nyingi, tulivu na zenye heri.

Sahro Maalim
Muuguzi Mkuu