Mzee Robo na Uzi Mmoja Mmoja

Mzee Robo, fundi wa fidla wa shule yetu ya muziki, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka ishirini na nane kazini. Mwalimu mkuu aliuliza kwenye kikao nani anamjua vizuri, amwandikie. Kila mtu akamtazama jirani yake. Nikanyoosha mkono mimi, dereva wa basi la shule. Lugha mtanivumilia, nimezoea usukani kuliko kalamu. Halafu kuna jambo nilimficha huyu mzee, na Ijumaa ikipita sijasema, litanikaa kooni.

Jina la Robo alilipata karakanani. Anayeanza kuweka uzi wa fidla hukaza kigingi kinachovuta uzi kama anafunga boliti ya tairi, na uzi hauna huruma: paa! umekuchapa usoni. Yeye kila siku wimbo wake ni robo tu. Zungusha robo, gusa uzi kwa kidole, sikiliza, halafu robo nyingine. Ukipitiliza, shusha chini kabisa upande upya. Hiyo robo ikamwingia hadi maishani. Chai robo kikombe, sukari robo kijiko, na ukimpa shikamoo, marahaba yenyewe unaisikia robo. Kina mama wa jikoni wanadai hata mpira anasikiliza robo fainali tu, ikifika nusu anazima redio.

Mwaka mmoja, kwenye maonyesho ya kufunga shule, uzi wa mwanafunzi ulikatika jukwaani mbele ya mgeni rasmi. Nyuma ya pazia sote tunamhimiza, mzee fanya haraka, mzee tunaaibika. Yeye akatoa penseli sikioni, akapaka risasi yake kwenye kale kamfereji uzi unakopita, ili uteleze usikwame. Akaanza: robo, robo. Mgeni rasmi akapata usingizi wake mzuri. Fidla ilipolia, ililia safi, na wa kwanza kupiga makofi alikuwa mgeni mwenyewe, macho mekundu.

Karakana yake iko mwisho wa korido, ukishapita vyoo. Naeleza njia kwa sababu wengi wetu hatuijui. Uzi ukikatika tulimkumbuka, ukishakaa, kwaheri ya kuonana. Mchana alikula peke yake, bakuli juu ya meza ya kazi, fidla zimening'inia ukutani zimempa mgongo. Mkewe alishafariki, kwa hiyo nadhani na chakula cha jioni kilikuwa hivyo hivyo. Mimi mlango ule nimeupita miaka na miaka, funguo za basi mkononi, nikipunga mkono bila kusimama.

Nilikuja kuingia mwaka jana, tena kwa shida yangu. Binti yangu alisoma hapa, wengi mnamkumbuka. Jioni moja, akiwa bado mwanafunzi, nilirudi safari nimechoka, nikamkuta sebuleni anafanya mazoezi. Nikamwambia aache kelele. Akaomba dakika moja tu. Nikamnyang'anya fidla, nikazungusha kigingi kwa hasira mpaka ule uzi mwembamba ukakatika. Hakulia. Aliirudisha kwenye sanduku lake, akafunga. Alipomaliza masomo akapata kazi mji mwingine, na sanduku akaliacha juu ya kabati. Mama yake tulikuwa tumeshamzika. Simu zikapungua, zikakoma. Nyumba ikabaki na mimi na friji inayonguruma.

Nikasema nitaitengeneza mwenyewe, siku akija aikute nzima. Nikanunua nyuzi mpya, nikazing'oa za zamani zote kwa mpigo. Kumbe wanaojua hutoa uzi mmoja, wakaweka mpya, ndipo wakagusa wa pili. Mkazo wa nyuzi ndio unaoshikilia daraja, kile kibao kinachozibeba, pamoja na kijiti kilichosimama ndani ya tumbo la fidla. Daraja likaanguka. Kijiti nacho kikawa kinabingirika humo ndani, ko, ko, ko.

Nikampelekea Mzee Robo. Nikamwambia ni binti yangu aliyezing'oa kabla ya kuondoka, na hata ule uliokatika nikamtwika yeye. Mzee akaitikisa fidla, akasikiliza. Akasema, "Kubadilisha nyuzi, mtoto huyo nilimfundisha mimi." Basi. Akaingiza chuma chake kilichopinda kwenye tundu, akakisimamisha kijiti, akarudisha daraja na zile nyuzi kuukuu tatu zilishikilie. Halafu akanisogezea kiti. Zile mpya aliniachia mimi, uzi mmoja mmoja.

Nilidhani ni kazi ya siku moja. Lakini uzi mpya huvutika, sauti ikashuka, na kesho yake lazima uukaze tena. Nikawa naenda kila mchana. Mwisho nikahamia na bakuli langu. Tulikula wawili, tukiongea kidogo, robo. Mara nyingi nilifungua mdomo nimwambie ukweli, nikajikuta namuuliza habari za penseli.

Sasa anaondoka. Mzee wangu, nyuzi nilizing'oa mimi. Na ule mwembamba niliukata mimi, mwanangu akinitazama. Ulijua, na bado ukanisogezea kiti. Nisamehe.

Jumapili, fidla nikiwa nayo nyumbani, nilimpigia binti yangu nikamwambia hivyo hivyo. Akaniambia niziguse nyuzi asikie. Nikalaza simu mezani, nikagusa wa kwanza, nikagusa wa pili. Kwenye wa tatu akasema, "Huo uko chini, baba." Nikazungusha robo. "Bado." Robo nyingine. Hakusema atakuja lini, nami sikuthubutu kuuliza. Ila hakukata simu mpaka zote nne zilipokaa.

Mzee Robo, walimu, wanafunzi, jikoni na sisi wa gereji tunakushukuru. Nenda ukapumzike salama, upate afya tele, na hiyo usiipokee robo. Jumatatu mchana, huko nyumbani kwako, usianze kula kabla sijafika. Nitakuja na bakuli langu na ile fidla, maana uzi wa tatu umeanza kushuka tena.