Jina Lililokatwa Katika Somo la Kwanza

Ndugu wafiwa, Mama Laurentine mjane wetu, Tata Pasta, majirani wa cité, walimu wenzake na marehemu, na wewe Tata Directeur Josias, uliyewekewa kiti chenye mto pale mstari wa mbele, mimi Dodo Kalenga, mtoto wa dada yake marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha yake, naomba tusikilizane mpaka mwisho, maana mwisho unatuhusu wote, na wengine zaidi.

Mwalimu Rémy Ngeleka alizaliwa hapa Kolwezi tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Tata Muamba Ngeleka, aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, nyumbani wakisema Tshiluba, barabarani Kiswahili, darasani Kifaransa, hivyo alipoingia shule ya msingi mwaka 1967 alikuwa na lugha tatu na viatu vya kaka yake.

Alipata diploma ya ualimu mwaka 1981, akatumwa Kasaji, na huko, tarehe 6 Agosti 1988, akafunga ndoa na Mama Laurentine Kabedi, Mungu akawapa Mignonne, Tania na Abigaëlle, naye mwaka 1990 akarudi Kolwezi kufundisha watoto kusoma Kiswahili.

Machi 2020, shule zilipofungwa, alianza kurekodi masomo kwa telefone yake, amejifungia ndani ya kabati la nguo ili malori ya mgodi yasiingie katika somo, wazazi wakayatumiana kwa WhatsApp hadi Tenke na Fungurume, na njia yake ilikuwa moja, anauliza, ananyamaza, mtoto anajibu, ndiyo maana jioni ungekuta watoto wa parcelle nzima, nyumba zote za ua mmoja, wakiijibu telefone kwa sauti moja.

Ofisi ya elimu ya Tata Directeur ikayaomba masomo hayo kwa uchunguzi, uchunguzi ukazaa sherehe, Septemba 2021, yenye hema, bendi ya fanfare na utepe, masomo yakatangazwa kuwa Programu ya Directeur Josias, na marehemu, aliyealikwa kusimama nje ya hema, alipouliza habari ya jina lake alijibiwa na Tata Directeur mwenyewe, mbele ya wenzake, "Tata Mwalimu, sauti ni mali ya taifa, enda kunywa Fanta."

Hakunywa. Aliandika barua, akaambiwa haina muhuri, akatafuta muhuri, akaambiwa muhuri ni wa mtindo wa zamani, akatafuta mpya, akaambiwa mwenye kuupokea yuko misheni, safari ya kikazi, na hadi leo, kwa kadiri tunavyojua, misheni hiyo inaendelea vizuri.

Mwaka 2023 aliugua koo, akatibiwa hapa, kisha Lubumbashi, akapasuliwa, sauti ikaondoka, akawa anazungumza nasi kwa chaki juu ya ubao mdogo, na sauti yake ikabaki mahali pamoja tu, ndani ya masomo yenye jina la mtu mwingine.

Alitutoka Jumanne tarehe 13 Mei 2025, saa tatu asubuhi, na neno lake la mwisho juu ya ubao lilikuwa, "Josias mumukalishe mbele." Sasa Tata Directeur amejua sababu ya mto.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi, majirani waliopika na kukesha, walimu wenzake waliochimba kaburi, na pia ofisi ya Tata Directeur kwa shada la maua, ambalo jina la mtoaji linasomeka toka barabarani, na la marehemu ukiinama.

Limebaki jambo moja. Fundi wa ofisi alipokata jina la marehemu katika somo la kwanza hakuweka lingine, akaacha kimya, na watoto waliozoea somo la zamani wakawa wanakijaza wenyewe kwa jina lake, kila siku, mpaka Kasaji. Hotuba ya Directeur itafuata, muda ukibaki. Abigaëlle, leta telefone karibu na micro hii ya kusemea, ulifungue somo lenyewe, lile la serikali. Mtamsikia akisema, "Batoto, jina yangu ni," halafu kimya. Mnajua la kujibu. Tata Directeur, nawe ujibu, tena kwa sauti, sote tunakutazama.

Mjomba, pumzika kwa amani, darasa liko tayari.