Skrubu kwa Kikombe cha Chumvi

Basi mwaka ule wa themanini na sita, sabuni na khanga zilishaanza kurudi madukani, lakini spea? Thubutu! Fundi alikuwa anaweza kuzunguka Musoma nzima, aende Bunda, apitie Butiama, akitafuta skrubu moja ya chensoo, ule msumeno wa injini, na akarudi na malengelenge tu. Ndiyo maana siku ile ya Alhamisi benchi la mtaa wa Mukendo, ule ubao uliokuwa mbele ya baraza la Yunusu fundi cherehani, lilimshangaa Felisian. Felisian alikuwa fundi wa chensoo, mtu wa Bukima aliyehamia mjini, na alikuja na skrubu kumi nzima nzima, zimechomekwa kwa mstari kwenye soli ya kandambili kuukuu. Akaiweka soli katikati ya benchi, akaketi, akasema amezinunua kwa Siwema muuza dagaa kwa bei ya kutupa. Hakusema kwamba skrubu zile alizichonga yeye mwenyewe.

Alizichonga mwezi wa tatu, kwa boliti za baiskeli, kwa ajili ya chensoo ya mdogo wake Kasmiri. Baada ya Pasaka Kasmiri akaibeba chensoo hiyo kwenda kupasua mbao kwenye milima ya huko nyuma ya Bunda, na tangu hapo hakuna aliyemtia machoni. Miezi minne. Wazee wa Bukima walikuwa wamekata shauri: Jumamosi hii, saa saba mchana, watazika mgomba mahali pake, kama wanavyofanyaga mtu akipotea bila maiti kuonekana. Na mgomba ukishazikwa, mtu huyo amekufa. Hata akisimama uani akipiga hodi, hakuna wa kumwitikia. Wa kuubeba mgomba hadi shimoni ni kaka mkubwa, yaani Felisian. Kwa hiyo alikaa pale benchini akiwa anaogopa vibaya sana, akisubiri mtu mmoja tu, yeyote yule, amwambie zile skrubu zimetoka kwingine.

— Sirari hiyo, alisema Yunusu bila hata kuinua macho kwenye suruali aliyokuwa akiipinda. Yunusu walimwita Redio kwa sababu hazimiki. — Zinapita mpakani ndani ya magunia ya dagaa. Ndiyo maana ziko kwa muuza dagaa. Kesi imekwisha.

— Magendo gani ya skrubu kumi? akadakia Wanzagi. Huyu walimwita Kamanda. Alienda vita ya Uganda akiwa mgambo, akarudi na koti ambalo hajalivua mpaka leo. — Mlanguzi atafute kifungo kwa skrubu kumi? Hizo zimetoka kwenye magari ya vita. Mimi niliyaonaga, mura, yamejaa porini huko, unafungua unachotaka.

— Kamanda, gari la vita lifungwe na skrubu ndogo kama punje ya mahindi?

— Wewe umewahi kulifungua?

— Sijawahi.

— Basi kunywa kahawa.

Felisian alitamani sana iwe Sirari. Ikishindikana, iwe hata hayo magari ya vita. Mzee Abdulkadiri, muuza kahawa, akammiminia kikombe kutoka kwenye birika lake la shaba. Kashata hakuwa nazo, sukari ilikuwa haijashuka bei.

— Siwema mwenyewe anasemaje? akauliza mzee.

Felisian akakizungusha kikombe mkononi.

— Anasema kuna mtu analeta.

— Mtu gani?

— Siwema mwenyewe hamjui. Anakujaga Jumamosi tu, saa saba, gulio limejaa. Amejifunika gunia kuanzia kichwani mpaka kiunoni. Hasemi neno. Anaweka skrubu moja mezani, anaonyesha chumvi kwa kidole. Siwema anampimia kikombe kimoja, yule mtu anaitia chumvi kwenye kitambaa, anaondoka.

— Na hela?

— Hataki hela. Jumamosi kumi, skrubu kumi, vikombe kumi. Yule mama anazichomeka kwenye soli jinsi zinavyokuja.

— Loo! Mwaka huu mtu anakataa hela? akasema Wanzagi.

— Sasa ngoja. Siwema anasema yule mtu akifika, nzi wote wanaondokaga kwenye dagaa. Wote. Mpaka aishie kule mwisho wa gulio ndiyo wanarudi.

Yunusu alianza kucheka, kisha akaacha. Mguu wake ukawa hauikanyagi tena cherehani.

— Sasa nimeelewa, akasema polepole. — Jamani, sikieni. Si mnajua ile meli ya Wajerumani wanayosema ilizama zamani huko nje ya Mwisenge?

— Ipi hiyo? Mimi nimezaliwa Mwisenge.

— Kamanda, niache nimalize. Ilizama na watu wake. Wale watu wako chini mpaka leo, wanaifungua meli yao kidogo kidogo. Sasa ziwa hili ni la maji baridi. Mtu wa chini ya ziwa atapata wapi chumvi? Si lazima aje gulioni?

— Ebo! Na wewe una watoto nyumbani wanakusikiliza?

— Nijibu basi. Watapata wapi?

Wanzagi akamgeukia Felisian kwa hasira kana kwamba yeye ndiye aliyezamisha meli.

— Huyo mtu alikuwa amelowa?

— Hapana, akasema Felisian. — Mkavu. Siwema anasema mkono wake ulikuwa umejaa unga wa mbao. Mpaka ndani ya kucha.

Hapo akashindwa kuendelea kuficha. Akachomoa skrubu moja kwenye soli, akampa Abdulkadiri.

— Mzee, tazama kichwani. Skrubu za kiwandani zinataka ufunguo wake maalumu, na ufunguo huo hakuna mkoa huu. Mimi nachonga mfereji kwa tupa, ili mtu akiwa porini afungue hata kwa sarafu. Na pembeni napiga chale, kwa sababu nachonga kwa mkono, hazilingani. Chale moja ni ya mfuniko, mbili ni za kabureta, tatu ni za mpini. Hakuna fundi mwingine anayefanya hivyo. Hizi ni zangu. Hizi ni za chensoo ya Kasmiri.

Mwendesha baiskeli akapita, akasalimia, hakuna aliyeitikia.

— Basi yuko hai! Yunusu akapiga paja. — Si umesikia, Fundi? Yuko hai! Ana mwanamke Bunda, anaona aibu kurudi.

— Mwanamke gani wa kumtunza kwa kikombe cha chumvi?

— Kamanda, wapo.

— Au kuna aliyemuua akachukua chensoo, akasema Wanzagi, kisha akajuta. — Samahani, Fundi. Nimesema tu.

— Mwizi angeiuza nzima, akajibu Felisian. Hilo alikuwa ameshalifikiria tangu asubuhi. — Na mwizi angeziharibu. Tazama mifereji, haina hata mkwaruzo. Zimefunguliwa taratibu na mtu anayeijua ile mashine.

Mzee Abdulkadiri alikuwa bado ameishika ile skrubu. Akairudisha kwenye soli haraka, akafuta vidole kwenye kanzu.

— Mimi sipendi kusema haya mambo, akaanza. — Lakini kuna watu wanachukuliwa. Mnajua. Nyumbani wanalia, kumbe mtu wao yuko shambani kwa mtu, msukule, analima usiku na mchana, hajitambui. Wanamlisha pumba. Chumvi hawampi hata chembe.

— Kwa nini chumvi? akauliza Yunusu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

— Kwa sababu akionja anakumbuka. Anakumbuka jina lake na kwao. Sasa huyu wa kwenu amewekwa kupasua mbao za mtu. Akili imekwisha, imebaki chembe tu. Na hiyo chembe inamwambia fungua skrubu moja, nenda katafute chumvi.

— Na vikombe kumi vyote hajakumbuka tu? Wanzagi aliuliza kwa ukali, lakini mikono yake ilikuwa imelivuta koti mpaka shingoni.

— Sijui, mwanangu. Labda wanamnyang'anya njiani. Ninachojua, mkishamzikia mgomba, imekwisha. Hata akikumbuka, hana pa kurudi.

Felisian aliitazama ile soli. Sasa aliona kitu ambacho asubuhi hakukiona, au hakutaka kukiona. Zile nne za mwanzo zilikuwa na chale moja. Nne zilizofuata, chale mbili. Mbili za mwisho, chale tatu. Mtu yule alikuwa ameanza na mfuniko, akaingia kabureta, akafika kwenye mpini, kwa mpango uleule ambao Felisian alimfundisha Kasmiri.

— Nilichonga kumi na moja, akasema.

— Kwa hiyo?

— Imebaki moja, ya mpini. Ataileta Jumamosi hii. Baada ya hapo hana cha kuleta.

— Basi Jumamosi twende gulioni! Wanzagi akasimama. — Saa sita tuko pale, tunajificha nyuma ya magunia ya Siwema. Akifika tu, mimi namshika kiuno, wewe unafunua gunia.

— Na ukishafunua? akauliza Abdulkadiri. — Kama siye? Au kama ndiye, na hakujui?

Wanzagi akakaa.

— Halafu ni saa saba, akasema Felisian. — Saa saba mimi ninatakiwa Bukima, mgomba begani. Nisipofika, ukoo wote utasema nimemkimbia marehemu wangu. Nikifika, nitakuwa nimemzika mtu ambaye saa hiyohiyo yuko gulioni ananunua chumvi.

Machozi yalikuwa yanamlenga na hakujali nani anaona. Alimpenda Kasmiri. Yeye Felisian ndiye aliyemshikisha chensoo mara ya kwanza, ndiye aliyemwambia milima ile ina mbao nzuri. Na bado, Mungu amsamehe, kuna upande mmoja wa moyo wake ulioomba yule mtu wa gunia asiwe Kasmiri, afadhali awe amekufa mara moja chini ya mti, kama watu.

— Hodi jamani. Shikamooni.

Wote wakageuka. Alikuwa Getruda, mke wa Kasmiri, ameshuka kwenye lori la Bukima, miguu yote vumbi. Felisian akavua kofia haraka, akaifunika ile soli.

— Marahaba, marahaba. Karibu, shemeji. Kaa.

— Sikai, shemeji. Lori linageuza sasa hivi, akasema Getruda. Alikuwa mtulivu, na utulivu ule ulimuumiza Felisian kuliko kilio. — Wazee wamenituma. Shimo wameshachimba, mgomba wamechagua ule wa nyuma ya jiko. Na mimi nimejikaza. Miezi yote hii nilikuwaga namwekea ugali wake, naufunika. Jana sikumwekea. Nimelala vizuri, mara ya kwanza.

— Umefanya vyema, mwanangu, akasema Abdulkadiri, macho yake yakiwa chini.

— Wazee wana swali moja tu, na mimi ndilo lililonileta.

Lori likapiga honi kule barabarani. Yunusu, ambaye tangu asubuhi alikuwa na jibu la kila kitu, akainama akaanza kutafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka. Felisian aliibana kofia juu ya benchi, akazihisi zile skrubu chini ya kiganja, moja moja.

— Shemeji, akasema Getruda, Jumamosi utakuja kumzika?