Mbona, Aliyetuomba Tuwaze kwa Sauti

Ndugu waombolezaji, mimi mjomba wa marehemu nimepewa jukumu la kuwasomea historia hii kama ilivyoandikwa na dada yangu, mama wa marehemu, ambaye ameomba isomwe yote, hata pale ambapo msomaji angependa kupaliwa na mate ili aruke mstari.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Juni 1979, mtoto pekee wa mama fundi cherehani na baba dereva wa malori ya masafa marefu, na jina la Mbona alilipata kabla hajatimiza miaka minne, kwa sababu kila alichoambiwa alikijibu kwa swali, mbona mlango huu unasukumwa na ule unavutwa, mbona redio ina vitufe sita na sisi tunabonyeza kimoja, mpaka mama yake akawa anamwambia, "Mbona, hebu bakiza na ya kesho."

Alianza shule ya msingi mwaka 1986 na sekondari mwaka 1993, na ni akiwa sekondari, mwaka 1995, ndipo baba yake alipoondoka na lori, na tangu siku hiyo kila aliyeuliza alijibiwa kuwa yuko safarini, jibu lililodumu miaka kumi na minane, nanyi majirani mlilipokea kwa heshima bila kuhoji ni lori gani hilo lisilofika.

Oktoba 1999 alijiunga na chuo kikuu kusomea kompyuta, akahitimu mwaka 2003 na kubakizwa hapo hapo kuwa mhadhiri msaidizi, akapata shahada ya uzamili mwaka 2006, na tarehe 16 Agosti 2008 akafunga ndoa na mhandisi wa umeme, mtu mpole ambaye mama mkwe wake hajawahi kumsikia akibamiza mlango, wakajaliwa binti mmoja mwaka 2010. Kwa wale waliokuwa wakimletea simu zilizozima wakidhani ni fundi, kazi ya marehemu ilikuwa kuchunguza namna watu wanavyohangaika na mashine, na msimamo wake ulikuwa kwamba mtu akibonyeza pasipofaa, mwenye kosa ni aliyepatengeneza hapo. Njia yake ilikuwa kumketisha mtu mbele ya skrini, kuwasha kamera, kumpa kazi ya kufanya, na kumwomba aseme kwa sauti kila linalompitia kichwani, bila kuchuja.

Desemba 2011, akiwa masomoni kwa shahada ya uzamivu, alimketisha mama yake kwenye meza ya jikoni, juu ya kitambaa cha plastiki chenye alama ya pasi, akamkabidhi simu yenye programu ya kujiandikisha kliniki, akasema, "Usinionee haya, Mama, wewe waza tu kwa sauti." Mama akawaza kwa sauti, akaandika jina, akaandika umri huku akiutukana, mpaka akafika palipouliza hali ya ndoa, ambapo palikuwa na vitufe vinne, ameolewa, hajaolewa, ametalikiwa, mjane, akabonyeza kimoja, akarudi nyuma, akabonyeza kingine, programu ikamrudisha mwanzo, naye akasema, "Sasa mimi nikae wapi? Mume ninaye ila sijui analala kwa nani, talaka sikupewa, kufa hajafa, hapa hamna kitufe cha mtu aliyeachwa bila kuambiwa." Mbona hakucheka siku ile, aliandika tu.

Alicheka Aprili 2013, kwenye kongamano la wataalamu, alipoionyesha video hiyo ukumbini, maneno yakiwa yametafsiriwa chini, na ukumbi mzima ukaangua kicheko naye akacheka nao, kisha akapewa tuzo ya utafiti bora. Ruhusa ya kumrekodi mama yake alikuwa nayo, ya kumwonyesha kwa watu hakuiomba. Mtu mmoja aliyekuwa amekaa nyuma aliirekodi kwa simu yake, na kabla mwezi haujaisha ilikuwa imefika mtaani kwetu. Wapo humu waliotumiana, msiinamishe vichwa, anayeinama ndiye atakayejulikana. Wateja walioleta sare za watoto wakaanza kumwita mama yake Mama Kitufe, wakimuuliza mlangoni, "Mama Kitufe, umekipata chako?", naye akacheka pamoja nao, akawapima viuno, na walipotoka akawa anashona dirisha likiwa limefungwa.

Mbona alikuja mbio, akapiga magoti sakafuni penye vipande vya vitambaa, akasema, "Mama, hawakukucheka wewe, waliicheka programu," mama yake akamuuliza, "Kwani programu ndiyo iliyoachwa?" Kwa swali hilo, yule aliyekuwa na mbona ya kila kitu akaanza kuokota vipande vile kimoja kimoja. Aliomba msamaha, akaambiwa yameisha, kwa ile sauti ambayo watu huitumia yakiwa hayajaisha, na tangu hapo mama yake hakukubali kukaa tena mbele ya kamera yake, na simu ikimsumbua aliipeleka kwa jirani, ilhali amezaa mtaalamu. Kwenye mahafali ya mwaka 2014 alihudhuria, alikaa safu ya mwisho, na mtandio aliuvuta hadi kwenye nyusi.

Marehemu alipandishwa kuwa mhadhiri mwaka huo, mhadhiri mwandamizi mwaka 2018 na profesa mshiriki mwaka 2022, na alikuwa akimwambia mumewe kwamba kila ngazi anayopanda, ya chini kabisa anayoikanyaga ni uso wa mama yake. Aliweka sharti kwamba mwanafunzi yeyote anayetaka kumrekodi mtu, kwanza akae yeye kitini, arekodiwe akiwaza kwa sauti, na darasa zima limtazame, na kila mwaka aliyetangulia kukaa alikuwa yeye mwenyewe, akisema mbele ya vijana wanaoweza kuwa wanawe kwamba alimwanika mama yake akapewa tuzo. Wengi walidhani ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu, na haikupungua kwa kurudiwa.

Machi 2023 alianza kuumwa kichwa, vipimo vikaonyesha uvimbe kwenye ubongo, akafanyiwa upasuaji Juni, na Oktoba akapoteza uwezo wa kusema. Wanafunzi wake walimtengenezea kishikwambi chenye vitufe vya picha, maji, maumivu, nigeuze, fungua dirisha, ndiyo na hapana, navyo vilimsaidia sana. Alasiri moja ya Januari, mama yake akimkatia kucha, Mbona alipitisha kidole juu ya vitufe vyote bila kubonyeza hata kimoja, kisha akagonga pale chini pasipo na kitu, akamtazama, akagonga tena. Muuguzi alidhani mkono unaishiwa nguvu. Mama yake akasema, "Hakipo, mwanangu, hata mimi nilikitafuta sikukiona."

Akavuta kiti mpaka kikagusa kitanda, akakaa mbele ya mwanawe, alipokataa kukaa kwa miaka kumi, akawaza kwa sauti, kwamba anawaza shuka hizi zilifuliwa na nani, anawaza mjukuu atasukwa nywele na nani, anawaza mwanawe alivyonyimwa mama kwa ajili ya kicheko cha watu wasiojulikana, na anawaza kwamba bado amekasirika, kidogo, kama kidonda kinachowasha kikipona. Mbona akabonyeza ndiyo.

Alifariki dunia tarehe 3 Februari 2024, saa tatu asubuhi, dirisha likiwa wazi. Ameacha mume, binti mmoja na mama. Baba yake hatujui aliko, na safari hii hatutasema yuko safarini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya upasuaji, wahadhiri wenzake, wanafunzi waliotengeneza kishikwambi kile wakalala nacho hospitali, na majirani wote, pamoja na wale waliocheka, kwa kuwa ndio hao hao waliochota maji na kupika siku hizi zote.

Mbona, umetuachia maswali ya kesho na ya keshokutwa, na kiti chako sasa tunakikalia sisi, pumzika kwa amani, mama yako hajachuja neno.