Glasi ya Kunawa Mikono

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasikia wengine wameitika nusu nusu. Siwalaumu. Mnaniangalia mkisema moyoni: huyu tena? Mimi Baraka, seremala wa hapa Shari, nimekwisha kusimama mbele yenu mara mbili nikisema Mungu amenitoa katika pombe. Mara mbili mkanipigia vigelegele, na mara zote mbili juma halikuisha kabla hamjaniokota kando ya barabara. Leo vigelegele viacheni kwanza, mnisikilize tu.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa kushuku. Nikiona watu wawili wanacheka, najiuliza wanamcheka nani. Basi pombe iliponishika sikujiuliza nimefanya nini. Nilijiuliza ni nani amenifanyia. Na jibu nilikuwa nalo tayari: Mama Zawadi, mjane wa kaka yangu.

Alikimbia kutoka upande wa Fataki na binti zake wawili, nikawapa chumba kidogo katika parseli yangu, kiwanja ninachokaa. Alifika wakati vita vilipochacha huko Djugu, na wakati uleule ndipo nami nilianza kulewa mpaka nasahau jina langu. Niliyaunganisha hayo mawili. Akipika, nachunguza chungu. Akifagia mbele ya mlango wangu, nafagia tena nyuma yake. Siku moja nilirudi nimelewa, nikaupiga teke mlango wa chumba chake mpaka mbao zikapasuka, watoto wakilia ndani. Kesho yake nikamwambia atafute pa kwenda kabla mwezi haujaisha. Hakupata, akabaki. Nikawaambia wazee wa kanisa kwamba nitawaletea ushahidi wa uchawi wake. Wazee mko hapa, mnakumbuka!

Mchungaji ndiye aliyenituma kituo cha afya kwa mama mmoja mshauri, anayesaidia watu walioshikwa na pombe. Nilikwenda kwa shingo upande. Niliketi karibu na mlango, kofia mkononi, tayari kutoka. Mama huyu hana mafuta ya upako, hana dawa, hana hata sindano. Ana kalamu! Nikasema huyu ametumwa na watu wa miradi, jina langu litafika Ulaya kabla ya jua kuzama. Kisha akanipa kaye, daftari la shule, akaniambia:

— Kila mara hamu ya pombe inakushika, andika. Fasi ulikuwa, muntu mwenye alikuwa pembeni, na kile mikono yako ilitoka kufanya.

Ndugu zangu, hapo moyo wangu uliruka. Muntu mwenye alikuwa pembeni! Nikasema, kumbe hii kaye ni mtego mzuri wa kumkamatia mchawi. Nikaipokea kwa mikono miwili. Niliandika mahali, watu na kazi, kwa bidii kuliko nilivyowahi kuandika shuleni, nikingoja jina la Mama Zawadi lijae humo.

Baada ya majuma matano nikarudi kwa mshauri kifua mbele. Hakuichukua kaye. Aliniambia nimsomee mwenyewe, kwa sauti. Nikaanza. Siku ya kwanza kulewa: nimetoka kupeleka sanduku la maiti kwa jirani wa sokoni. Ya pili: nimetoka kupeleka sanduku Marabo. Ya tatu: sanduku la mtoto, ubao mmoja ulitosha. Ya nne, tena la mtoto. Niligeuza ukurasa haraka nikimtafuta Mama Zawadi, nikamkuta mara moja tu: siku moja nilibaki nyumbani na homa, akaniletea uji. Siku hiyo sikunywa.

Mnajua desturi yetu. Fundi akifikisha sanduku matangani, wenye msiba wanampa glasi ya lotoko, ile pombe kali ya kienyeji, tunaiita glasi ya kunawa mikono. Na fundi akiikataa, watu wanaguna. Wanasema huyu hajamaliza kazi, anangoja mwingine afe katika nyumba hii. Kwa hiyo nilikunywa. Na vita vilipoleta masanduku mengi, glasi nazo zikawa nyingi. Nilikuwa nikipima ubao wa mtoto, tayari koo linaita. Yule niliyemwinda miaka yote alikuwa mimi, ndugu zangu, mimi na mikono yangu! Nililia mbele ya mwanamke yule kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo ilianza. Mshauri alisimama, akajifanya mama mwenye msiba, akaninyooshea kikombe cha maji. Kazi yangu ilikuwa kukataa. Nilishindwa! Maji matupu, na mkono wangu ulikwenda wenyewe. Tulirudia, siku baada ya siku, mpaka mdomo ukazoea neno jipya. Niliona aibu, mwanaume mzima nikicheza michezo ya watoto. Nilimshuku hata hapo, nikadhani akirudi kwake ananicheka.

Kisha ikaja siku yenyewe. Nilifikisha sanduku, shemasi wetu pembeni yangu kama tulivyopanga, glasi ikaja. Nikasema: "Mama, munipatiye maji na sabuni, nataka kunawa kweli." Mzee mmoja akauliza:

— Fundi, unakatala? Ni nani tena unangojea?

Nikapiga magoti palepale, nikaomba kwa sauti kwamba Mungu asinirudishe tena katika nyumba ile na ubao mkononi. Mama mwenye msiba aliingia ndani, akatoka na beseni. Akanimiminia maji yeye mwenyewe. Ee Mungu, asante kwa beseni lile!

Sitawadanganya. Baada ya hapo nilianguka mara mbili, nikaandika hayo pia. Hata leo siiamini mikono hii. Naiangalia kama mlinzi anavyoangalia mgeni.

Kwa Mama Zawadi nilikwenda na mlango mpya begani, mbao ngumu, komeo la ndani, na ufunguo nikamkabidhi. Nikaomba msamaha. Akaniambia:

— Miaka yote ulikuwa unanichunguza, shemeki. Sasa ni miye nitakuchunguza weye. Kila asubuhi, mbele nijibu salamu yako, utafungula kinywa ninuse.

Na amenusa! Kila asubuhi nasimama mbele ya mlango ule, nafungua kinywa, ananusa, ndipo anajibu. Majirani wanacheka. Wacheke.

Ndugu yangu unayekunywa kwa siri, na unajua ninasema nawe: acha kumtafuta mchawi. Mwamini Mungu, na umruhusu akuponye hata kwa kalamu. Njoo nikupeleke kwa yule mama, tutaketi wote karibu na mlango. Na ninyi msioniamini, baada ya ibada nitakuwa pale nje, njoni mninuse.

Mama Zawadi yuko benchi la tatu, ni shahidi wangu. Leo asubuhi nilimsalimu nikafungua kinywa kama kawaida. Akanijibu bila kunusa.