Sauti Iliyomsubiri Hashimu

Ukungu ulikuwa bado umelalia mabati ya Lushoto mjini, na wateja wa Mzee Nassoro, muuza kahawa, walikuwa wameshajibana kwenye benchi nje ya kibanda cha fundi simu, kila mmoja kakumbatia kikombe cha kahawa kwa mikono miwili. Benchi hilo wenyewe waliliita Bungeni. Mwenye kibanda, Bakari, aliitwa Injinia kwa kuwa hakuna simu aliyowahi kukiri kwamba imemshinda. Ubavuni mwake alikaa Abrahamu, muuza mbegu, ambaye walimwita Mchungaji ingawa hakuwahi kuhubiri popote ila hapo. Asubuhi hiyo wote walikuwa wakimtazama Hashimu kama mtu aliyerudi kutoka safari ya mbali. Hashimu alikuwa amepata kazi.

Si kwamba hakustahili. Alikuwa amepakia mboga kwenye malori tangu ujana, na jani la kabichi alilijua kwa kuligusa tu. Tatizo lilikuwa ulimi. Hashimu alikuwa na kigugumizi. Kila alipoingia kwenye chumba cha usaili neno lilimkwama, wakubwa waliokaa mezani wakammalizia, na mara nyingi wakammalizia neno ambalo hakutaka kulisema. Kisha wangemwambia, “Tutakupigia.” Hawakupiga.

Safari hii kampuni mpya ya mboga, iliyofungua ghala kule Kwai, haikumwita mtu mezani. Ilitangaza kwamba waombaji watapigiwa simu na akili mnemba, mashine inayoongea, na mashine hiyo ndiyo itakayochagua. Hashimu aliongea nayo akiwa shambani kwa shemeji yake. Jana ujumbe ukaja: amechaguliwa kuwa mpokeaji wa mboga.

— Hebu tuanze upya, alisema Injinia. Ilikuuliza nini?

— Ka-karoti, alisema Hashimu. Mkulima kaleta karoti zimelowa, lori liko mbioni kuondoka. Nifanyeje.

— Ukajibu?

— Nilikwama. Pale pale kwenye neno la kwanza.

— Ikakumalizia.

— Hapana. Ilinisubiri.

Hashimu hakujua namna ya kuwaeleza vizuri zaidi ya hapo. Alikuwa amesimama kati ya matuta, simu sikioni, na upande wa pili hakukuwa na mtu wa kukohoa wala mlio wa kiti wala mtu wa kuangalia saa. Palikuwa na nafasi tu, pana, na yote ilikuwa yake. Neno likatoka. Likavuta lingine. Alipokata simu aligundua kwamba hajawahi kujisikia akiongea kwa muda mrefu namna ile.

Mzee Nassoro akalitua birika lake juu ya jiko la mkaa.

— Mwanangu, hata mama yako hakukusubiri hivyo.

— Mama alikuwa na watoto wengi, alisema Hashimu.

— Sasa nisikilizeni, alisema Injinia. Ile haisikilizi maneno. Inasikiliza pumzi. Mwongo pumzi yake fupi, mvivu pumzi yake inaburuta miguu. Ilipokuwa kimya ilikuwa inampima.

— Pumzi tu? Mchungaji akatikisa kichwa. Ile imesoma barua za kazi za dunia nzima, kila aliyewahi kuandika “Yah: Maombi ya kazi”, hata waliokwisha kufa. Hashimu akisema karoti, yenyewe inawasikia wote waliowahi kubeba karoti. Ndiyo maana wahenga wakasema, samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje hapo?

— Usinitoe kwenye hoja, Injinia.

— Mimi naona mmebaki chini, alisema Mzee Nassoro kwa sauti ndogo. Ile inaona mbele. Haikuongea na Hashimu huyu. Iliongea na Hashimu wa miaka ijayo, ambaye hata yeye mwenyewe hajakutana naye.

Mchungaji akainua kidole.

— Na haina mjomba. Haina shemeji, haina mtu wa kwao. Kwa binadamu, kabla hujakaa kitini wameshajua wewe mtoto wa nani. Ile imekupima wewe kama wewe.

Maneno hayo yalimgusa Hashimu. Alijisikia kama mtu aliyesimama ukingoni mwa jabali kule Irente, ukungu ukafunguka ghafla, akauona mji wa Mazinde na tambarare yote chini kabisa.

Hapo ndipo alipokuja Modesta, kapu la viazi kichwani, akielekea sokoni. Modesta ndiye aliyesimamia uchambuzi wa mboga pale sokoni. Wawili wakibishana kama karoti ni daraja la kwanza au la pili, yeye ndiye aliyeitwa.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Kaka Hashimu, hongera. Nimefurahi kweli. Alilishusha kapu. Mimi imenikataa.

Hashimu akakiweka kikombe chini. Alijua kwamba Modesta ameomba. Lau angeulizwa yeye nani achaguliwe, angemtaja Modesta kabla ya kujitaja mwenyewe.

— I-ilikuuliza nini?

— Karoti zimelowa, lori linaondoka. Nikasema kavu zitangulie, zilizolowa zianikwe penye upepo zingoje lori la pili.

— Na mimi nilisema hivyo hivyo.

Wakatazamana.

— Labda mtandao ulikatika, alisema Injinia.

— Ulikuwa safi.

— Labda mtoto wako alilia.

— Alikuwa kwa bibi yake.

— Mungu huwa ana njia zake, alisema Mchungaji.

— Mungu ninamwomba kila siku, Baba Mchungaji, nazungumzia ile simu. Sikasiriki. Ninataka tu kujua nimekosea wapi, nijirekebishe. Nikamuulize nani?

— Nenda ofisini kwao, Kwai, alisema Mzee Nassoro.

— Nimeshakwenda. Bwana wa pale ni mpole, kanipa na kiti. Kasema yeye anapokea majina tu. Sababu haijui.

Hashimu akatoa simu, akaipiga ile namba iliyompigia, akafungua spika ili wote wasikie. Iliita mara moja. Kisha sauti ile ile iliyomsubiri shambani ikasema kwa upole kwamba namba hii haipokei simu, ikakata.

Modesta akawatazama mmoja mmoja, Injinia, Mchungaji, hata Mzee Nassoro.

— Angekuwa mtu, ningekwenda mlangoni kwake. Huyu mlango wake uko wapi?

Injinia akaichukua simu ya Hashimu, akaigeuza nyuma.

— Si-sijui, dada, alisema Hashimu.

Modesta akaitikia kwa kichwa. Hashimu akainuka, akamtwika kapu, naye akashika njia ya sokoni, ambako wakulima walikuwa wameshashusha karoti zao na walikuwa wakiulizana Modesta yuko wapi.