Siga Zilizoanikwa Kama Omena

Sogeeni, wanangu, na mlango msiufunge. Sheryl, binti yangu, niinulie mto, kisha washa simu yako irekodi, maana nitasema mara moja tu na pumzi ya kurudia sina, tena nawajua, kesho kila mmoja wenu angekuwa na wosia wake alioutunga mwenyewe. Okello, kitinda mimba, weka chini hicho kikombe. Chai imeshapoa na wewe bado unaipuliza. Na wewe Griffins, kifungua mimba wangu, uliyesimama hapo kizingitini nusu ndani nusu nje, umekuja kutoka Kisumu nilipokuita mara moja tu, na bado hujui kama baba yako atakupa kiti. Keti. Hapo, kwenye kiti changu cha mbao. Ala! Keti, nimesema.

Nianze na yale mnayoyangojea, ili masikio yenu yapate nafasi. Shamba hili la Seme, kutoka barabarani hadi kwenye matete ya ziwa, ni la ninyi watatu, na Sheryl nimemhesabu makusudi, kwa hivyo asije baba mdogo yeyote na kofia yake kuwaambia kwamba msichana aliyeolewa hana fungu kwao. Cherehani ya mama yenu ni ya Sheryl. Redio ni ya Okello, kama bado inaongea. Hayo yamekwisha. Wosia wenyewe umo katika kisanduku hiki mnachokiona kitandani kwangu, na ndani yake hamna hati wala pesa, msinyooshe shingo. Mna siga moja, ile sigara nene ya majani matupu, iliyokauka miaka kumi na miwili. Hiyo moja ndiyo iliyolivunja boma letu, na leo nitawaambia ilivyolivunja, kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua, nami sitaki kuumbuliwa nikiwa nimelala ndani ya sanduku na watu wananiimbia.

Mnakumbuka tulivyoishi Kaloleni, kule Kisumu, watano katika chumba na sebule, nami kila siku mchana napiga pasi koti jeupe na kupanda Milimani klabuni. Miaka thelathini na mmoja, wanangu, nilibeba starehe ya watu kwenye sinia. Nilijua nani anakunywa nini, nani anamdanganya nani, na hakuna aliyejua kwamba naitwa Dishon. Nilikuwa "weita" hadi mvi zikaniota. Mmoja tu aliniita jina. Huyo alikuwa Mzee Ephantus Muriuki, yule Mkikuyu aliyeuza misumari na mabati karibu na soko la Kibuye. Kila siku saa kumi jioni alikaa peke yake verandani na siga moja, na siku moja akavuta kiti kwa mguu akaniambia, "Dishon, kaa." Mfanyakazi hakuruhusiwa kukaa. Nilikaa! Akaikata siga yake katikati kwa kisu, akanipa nusu.

Akanifundisha. "Usiimeze kama sigara ya dukani," alisema, "moshi huu hauna kazi mapafuni, uache utembee mdomoni kisha uufungulie mlango uende zake." Haikuwa siga kali. Zile kali na nyeusi, alisema, ni za arusi na za kuonyesha watu; hii yetu ni ya kuishi nayo, ya kila siku, lakini imesokotwa na mtu aliyejali. Jani lake la nje lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa mengi. Ukianza unapata maziwa hasa, laini, yenye utamu kwa mbali. Ukifika katikati zinakuja njugu zilizokaangwa, na harufu ya ubao uliorandwa sasa hivi. Na mwisho kabisa pilipili manga kidogo, ya kukuambia weka chini, inatosha. Wanangu, mimi nimekula arusi za wakubwa na matanga ya wakubwa, lakini sijapata kitu kilichonifanya nijione mtu kama nusu ile ya siga juu ya kiti nilichokatazwa kukikalia.

Nilipostaafu klabu ilinipa saa ya ukutani, ikasimama kabla ya Krismasi. Mzee Ephantus alinipa kisanduku hiki, siga ishirini na tano. "Moja kila siku saa kumi," akasema, "na usiziache zikauke, hizi zina uhai, ziwekee kitambaa kibichi ndani." Nikaja nazo huku nyumbani, nikazisukuma chini ya kitanda na kitambaa chake kibichi, na sikumwambia mtu. Hapo ndipo kosa langu la kwanza. Mke nimelala naye miaka yote hiyo, nikaona aibu kumwambia kwamba mzee mzima anayalowesha majani kama mtoto anayecheza kupika!

Nilikuwa nimevuta tatu tu nilipopigiwa simu kwamba Mzee Ephantus amefariki. Nikaenda Kisumu kuusindikiza mwili wake hadi kwao Nyeri, tukamzika, safari ya siku nne. Mvua za masika zilikuwa zikinyesha kweli kweli. Mama yenu Beldina, Nyar Uyoma, binti wa Uyoma, kama nilivyomwita, akafagia chini ya kitanda akakuta kisanduku, akakifungua, akaona majani yana maji. Jamani, huyo alikuwa mtoto wa ziwa! Tangu aanze kutembea alijua jambo moja kuhusu kitu chenye unyevu: kitaoza. Akadhani paa limevuja juu ya mali ya mumewe. Jua lilipotoka akazibeba siga zangu zote akazianika kwenye wavu, kando ya omena wake, wale dagaa wa ziwani, akazigeuza upande huu na upande huu kwa mkono wake, siku mbili nzima, ili anifurahishe nikirudi. Na Griffins, ulikuwa na miaka kumi na tisa, akakuweka hapo na fimbo ufukuze kuku.

Hivyo ndivyo nilivyokukuta. Naingia langoni, nimemzika rafiki yangu wa pekee, nakuta alichoniachia kimekauka, kimepasuka, kinanuka samaki, na mwanangu amekaa pembeni na fimbo. Nikauliza, "Nani amefanya hivi?" Ukatazama upande wa jikoni. Nilikuona ukitazama, Griffins, Mungu ananisikia. Halafu ukanitazama mimi ukasema, "Ni mimi, Baba." Na majirani walikuwa wamekuja kunipa pole. Mbele yao nikatamka kwamba hutasimamisha nguzo ya nyumba yako ndani ya boma hili macho yangu yakiwa wazi, nawe ukaondoka. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi ulimi wangu uliangukia juu ya mtoto.

Sheryl, usilie kwanza, bado sijafika.

Siku ya tatu Nyar Uyoma alikuja akasimama mbele yangu, mikono ina magamba ya samaki, akasema, "Baba Griffins, ni mimi niliyezianika. Mtoto alikuwa ananikinga." Na mimi, wanangu, nilimjibu nini? Nilimwambia nyamaza. Nilimwambia neno la mwanamume likishatoka mbele ya watu halirudi kinywani, na akilitaja tena ataondoka yeye pia. Akanitazama sana, akauliza, "Kwa hivyo mwanangu amekwenda kwa sababu ya majani?" Akarudi jikoni. Tangu siku hiyo omena wake alianika ufukweni, hakuanika tena hapa. Chakula alinipikia, aliniwekea, alikifunika, akaenda zake. Miaka sita, hadi alipokufa. Mdogo wangu alipouliza mbona hatuongei tena nikasema ni umri. Umri! Mimi ndiye niliyekuwa njaa yake ndani ya nyumba yenye chakula.

Na siga nilizivuta. Msidhani nilizitupa. Kila siku saa kumi nilikaa mlangoni mbele yake nikavuta moja, na siga iliyokauka inawaka upesi kama bua na inauma ulimi, maziwa hamna, njugu hamna, uchungu mtupu hadi mwisho, nikavuta hivyo hivyo ili aone alichoniharibia. Hiyo ndiyo roho ya baba yenu. Nikabakiza hii moja.

Sasa sikilizeni matunda yake. Siku tulipomzika mama yenu, kifungua mimba wa boma hili hakuwa na nyumba ya kulala kwa baba yake. Alilala chini ya turubai pamoja na wapiga ngoma na watu asiowajua hata majina, na mvua ilinyesha, na mimi nilikuwa ndani nasikia mvua. Okello naye, kwa kuwa kimila mdogo hajengi kabla ya mkubwa, ana watoto wawili na bado anapanga chumba Kisumu, na miaka yote amemlaumu ndugu yake. Sheryl ulimwita mharibifu, ukaacha hata kupokea simu zake. Nami niliwasikia nikanyamaza, kwa sababu lawama ikiwa kwake haikuwa kwangu. Okello, juzi jikoni ulimwambia mkeo, "Hayo macho yatafumbwa lini tujenge?" Usiinamishe kichwa. Koo langu ndilo lililoliwa na ugonjwa, masikio hayajaguswa. Ulisema vibaya, na ulisema kweli, na aliyekufundisha kunisubiri nife ni mimi.

Maji... asante. Kidogo tu.

Griffins, chukua hiyo siga. Kiberiti kiko chini ya mto. Iwashe polepole, izungushe kwenye moto, usiinyonye kwa pupa. Mimi ulimi wangu hauonji tena chochote, hata uji naumeza kama udongo, kwa hivyo onja wewe kwa niaba yangu. Uache moshi utembee. Haya, niambie. Nini? Chungu. Ndiyo, najua ni chungu. Vuta tena. Kuna nini kingine? Sema kwa nguvu, wasikie. Unasema kwa mbali kuna maziwa?

Lo, mtoto huyu! Hakuna maziwa humo, Griffins. Yalikauka juani miaka kumi na miwili iliyopita. Unanidanganya kwa uso ule ule uliomkinga nao mama yako, na safari hii unayemkinga ni mimi. Nisamehe, nyathina, mwanangu. Mbele ya hawa nasema, na simu inanasa: hukukosa. Neno nililokutupia nimelirudisha kinywani mwangu na ninalimeza, na likiniua, lilikuwa langu.

Piga magoti. Karibu zaidi. Nakupulizia maji haya kifuani kama baba yangu alivyonipulizia: ukazae, ukajenge, na watoto wako wasikuogope. Okello, njoo nawe. Sheryl, weka kichwa chako hapa. Mpatane mimi nikiwaona.

Sasa sikia, Griffins, na fanya haraka. Nyuma ya jikoni kuna nguzo imeegemezwa ukutani. Mama yako aliikata mwaka ule ule akaisimamisha pale niione kila ninapokwenda kuoga. Ichukue. Ukitoka mlangoni kwangu kuelekea langoni, ni mkono wa kulia, pale wavu wake ulipokuwa. Hapo ndipo pako. Okello, wewe shika jembe, umchimbie ndugu yako. Nendeni sasa hivi, msingoje kesho. Kesho si yangu.

Sheryl, baki. Mlango... uache wazi. Nikinyamaza usinifumbe macho, umesikia? Nilisema macho yakiwa wazi. Nayashikilia... Ni mazito. Hilo ni jembe? Ni jembe. Mwambie asiogope mizizi, pale udongo ni laini.

Wamefika wapi... Imesimama? Usinidanganye kama kaka yako. Toka nje ukaangalie, urudi.

Imesimama. Haya, mama. Sasa yafumbe.